Miti ya Dawa Katika Ua wa DC

Pikapu za miraa zinazoshuka kutoka Maua kwenda Nairobi hazina nafasi ya kupumzika Meru mjini. Mzigo wake hunyauka upesi, na mnunuzi anautaka ukiwa mbichi. Lakini katikati ya mji huohuo kuna ua ambamo miraa haina haraka. Imesimama ardhini ikiwa mti, ina shina, gome na matawi, na mgeni aliyezoea kuiona ikiwa mashada yaliyofungwa kwa majani ya mgomba anaweza kuizunguka na kuitazama apendavyo. Ua huo ni wa Makumbusho ya Meru. Bustani yake ndogo ya mimea ya dawa ni mahali pazuri pa kuanzia kwa yeyote anayetaka kuielewa miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, kutoka Meru hadi Embu.

Jengo lenyewe ni la kihistoria. Lilijengwa kwa mawe mwaka 1916 liwe ofisi ya mkuu wa wilaya, yule ambaye Wakenya walimjua kwa jina la DC. Waingereza walikuwa wameweka kituo chao Meru mwaka 1908, chini ya Edward Butler Horne, mtu mfupi asiyetulia mahali pamoja, ambaye wenyeji walimpa jina la Kangangi. Ofisi za aina hiyo ndizo zilizotoa amri za kodi na kazi za lazima. Ndizo pia zilizoamua nani apande nini. Walowezi walikuwa wamejitengea kahawa kwa miaka mingi, na ni katika miaka ya 1930 tu ndipo wakulima Waafrika wa Meru, Embu na Kisii walipoanza kuruhusiwa kuipanda, tena kwa majaribio na chini ya uangalizi mkali.

Mwaka 1974 jengo hilo lilifunguliwa kuwa makumbusho, na leo liko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ndani mna vyumba vya maonyesho kuhusu maisha ya Wameru, silaha na vyombo vyao, pamoja na wanyama wa eneo hilo. Nje kuna mfano wa boma la jadi. Kisha kuna mimea, na hapo ndipo mgeni mwenye subira anapofaidi.

Bustani za aina mbili

Afrika Mashariki ina bustani za mimea kubwa na maarufu kuliko hii. Ile ya Entebbe, ukingoni mwa Ziwa Victoria, ilianzishwa na Waingereza mwaka 1898. Wajerumani walianzisha kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902. Nairobi ilipata bustani yake ya miti, Arboretum, mwaka 1907. Zote tatu ni za kupendeza hadi leo, na zote zilianzishwa kwa lengo la kujaribu mimea ya kigeni. Entebbe ilijaribu mazao ambayo yangeuzwa ng'ambo. Amani ilipanda mikwinini, mipira na mamia ya mimea mingine kutoka Asia na Amerika. Arboretum ya Nairobi ilitafuta miti ya kigeni inayokua haraka, ili treni za Reli ya Uganda zisikose kuni.

Bustani ya Meru inakwenda kinyume na hizo. Haijaribu zao jipya, wala haimwonyeshi mgeni ua la nchi ya mbali. Imekusanya mimea ambayo bibi na babu wa eneo hilo waliijua kabla DC hajafika: ya kutibu kikohozi, ya kutuliza tumbo, ya kutumiwa katika viapo na matambiko. Wazo kama hilo limefanya makubwa kwingineko. Bustani ya Kirstenbosch mjini Cape Town, iliyoanzishwa mwaka 1913 kwa ajili ya mimea ya asili ya Afrika Kusini, leo ni miongoni mwa bustani zinazoheshimiwa zaidi duniani. Ile ya Meru ni ndogo mno kulinganishwa nayo kwa ukubwa, lakini swali inalouliza ni lilelile: je, watu wanaijua mimea ya kwao?

Kwa mgeni wa mjini, mara nyingi jibu ni hapana. Kijana aliyekulia Nairobi hutambua mikalitusi na mijakaranda, ambayo asili yake ni Australia na Amerika Kusini, kabla hajaweza kuutambua hata mti mmoja wa mlima ambao wazazi wake walizaliwa chini yake.

Muthiga, mwiria na muuru

Mtu akianza kueleza dawa za mlima, ni vigumu asiutaje muthiga. Wanasayansi huuita Warburgia ugandensis. Jani lake ni jembamba, linang'aa upande wa juu, na halina sifa yoyote ya kumshtua anayelitazama. Ukilitafuna, mambo hubadilika. Mwanzoni halina ladha kubwa, kisha ukali hupanda polepole ulimini hadi kooni, kama pilipili iliyochelewa, na haukutoki upesi. Ukali huo ndio ambao watu wa miteremko hii wameutumia kwa vizazi dhidi ya mafua, kikohozi na maumivu ya kifua. Mwaka 1976 wanakemia walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba muthiga una kemikali zinazowazuia viwavijeshi kula. Kiwavi akiwekewa jani lililopakwa kemikali hizo, huliacha. Basi kile ambacho mzee wa kijijini alikijua kwa ulimi, maabara ilikithibitisha kwa njia yake.

Mwiria nao una kisa kirefu zaidi, na cha kusikitisha. Ni mti mkubwa wa msituni, Prunus africana, ambao gome lake ni jeusi na lenye nyufa. Ukilichubua kidogo kwa ukucha hutoa harufu inayokaribiana na ile ya lozi. Waganga wa Afrika walilitumia gome hilo kwa homa na maumivu ya tumbo. Katika miaka ya 1960 Wafaransa waligundua kwamba dondoo lake linawasaidia wazee wanaosumbuliwa na kuvimba kwa tezi dume, na mwaka 1966 hataza ikasajiliwa. Tangu hapo maelfu ya tani za gome yamesafirishwa kwenda Ulaya kutoka Kamerun, Madagaska, Kenya na nchi nyingine.

Tatizo ni jinsi gome linavyovunwa. Mti hupitisha chakula chake katika tabaka laini lililo chini tu ya gome. Ukibandua vipande pande mbili zinazoelekeana na kuacha pande nyingine nzima, mwiria hujiponya na kuota gome jipya. Ukiuzungushia kisu na kuubandua wote, unakufa umesimama. Wavunaji wenye haraka walifanya hilo la pili, na wengine waliukata mti wote ili wafikie gome la juu. Mwaka 1995 mwiria ukaingizwa katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na tangu hapo gome lake haliwezi kuvushwa mpaka bila kibali.

Muuru ni wa tatu, na huu Wameru wana haki ya kujivunia kuliko wote. Jina lake la kisayansi ni Vitex keniensis. Hauoti kwa asili popote duniani isipokuwa katika nyanda za juu za Kenya, hasa miteremko ya Mlima Kenya inayotazama mashariki, na kwa Kiingereza umepewa jina la Meru. Mbao zake ni za kahawia yenye michirizi mizuri, na mafundi seremala huzipenda kwa meza, milango na makabati. Matunda yake yakiiva huwa meusi na matamu, na watoto huyaokota chini ya mti. Sifa hizo ndizo zilizouponza. Ulikatwa sana, na sasa umo katika orodha ya kimataifa ya miti iliyo hatarini. Msitu wa Imenti, unaoizunguka Meru mjini, bado una miuuru mikubwa, na wakulima wengi huuacha mmoja au miwili uote shambani pembeni mwa kahawa, sambamba na muringa, mti ambao kivuli chake kinaifaa kahawa na ambao ulichongwa mizinga na vinu.

Miraa, mti wenye mabishano

Hakuna mmea katika ua huo unaozungumziwa zaidi Kenya nzima kuliko miraa. Wasomi wa Ulaya waliufahamu kupitia maandishi ya mtaalamu wa mimea Peter Forsskål, yaliyochapishwa baada ya yeye kufariki safarini Yemen mwaka 1763. Watu wa milima ya Nyambene, huko Meru, walikuwa wakiulima bila kumsubiri. Katika Igembe na Tigania kuna miti mikongwe iitwayo mbaine, ambayo hupogolewa na kurithishwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana, na fungu la miraa lililopangwa kwa heshima lina nafasi yake pale wazee wanapokwenda kuposa.

Siasa za zao hili hazijawahi kupoa. Uingereza ililipiga marufuku mwezi Juni 2014, na soko kubwa la wakulima wa Meru likafungwa. Somalia ilizuia ndege za miraa mwaka 2020, ikaziruhusu tena mwaka 2022. Upande wa Embu, hasa Mbeere, wakulima hulima muguka, aina ambayo majani yake ndiyo yanayotafunwa na bei yake ni nafuu. Mwezi Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitangaza kuizuia, na kesi ikafika mahakamani. Wazazi wa pwani walilalamika kwamba vijana wao wanaharibika. Wakulima wa Mbeere walijibu kwamba karo za shule zinalipwa na majani hayo. Pande zote mbili zilikuwa na watoto akilini. Mgeni anayesimama mbele ya mti wenyewe hapati suluhu ya kesi hiyo, lakini walau anaondoka akijua kinachogombaniwa ni nini.

Embu, ambako bustani ni msitu

Barabara ya kutoka Meru kwenda Embu hupita Chogoria, Chuka na Runyenjes, ikishuka na kupanda mabonde ya mito inayotoka mlimani kwenda Tana: Mutonga, Nithi, Thuci. Mashamba ya chai hukaa juu, kahawa katikati, na chini kuna makadamia, maembe na nchi kavu ya Mbeere na Tharaka.

Waembu hawakuhitaji ua wenye ukuta ili kuhifadhi mimea. Walikuwa na misitu ya kimila. Ulio maarufu zaidi uko karibu na Runyenjes na unahusishwa na Mwenendega, ambaye masimulizi ya jadi humtaja kuwa mwanzilishi wa Waembu. Inasimuliwa kwamba alimpata mke mrembo kando ya maporomoko ya maji, na kizazi chao ndicho kilichoijaza nchi. Miti ya mahali hapo haikuguswa na shoka kwa sababu watu waliiheshimu na kuiogopa, na heshima hiyo ilifanya kazi ambayo waya wa senyenge mara nyingi hushindwa.

Kwa Wambeere, misitu midogo ya aina hiyo ilikuwa mingi. Bernard Riley na David Brokensha waliishi nao kwa utafiti na mwaka 1988 wakachapisha vitabu viwili kuhusu mazingira yao. Kitabu cha pili chote ni orodha ya mimea, majina yake ya Kimbeere na matumizi yake. Watafiti hao walieleza pia kwamba misitu mingi ya kimila ilikuwa ikikatwa ardhi ilipogawanywa na kupewa hati za watu binafsi. Mti uliolindwa na ukoo mzima ulijikuta ndani ya shamba la mtu mmoja, naye alikuwa na deni.

Meru nako kuna ulinzi wa aina hiyo. Njuri Ncheke, baraza la wazee la Wameru, lina makao yake ya kimila Nchiru, kwenye barabara ya kwenda Maua, na eneo hilo limehifadhiwa kama urithi wa taifa. Anayekwenda huko huomba ruhusa kwanza, na wazee husalimiwa kwa adabu kabla kamera haijatolewa mfukoni.

Dukani, vitu vina mizizi

Ziara ya makumbusho huishia kwenye duka la zawadi, na wengi hulipita wakiwa wamechoka. Ni kosa. Katika duka la namna hiyo, na katika vibanda vya masoko ya Meru, Chuka na Embu, mtu anaweza kuendelea kusoma bustani ileile, safari hii mimea ikiwa imekuwa vyombo.

Tazama kiondo. Ukikigeuza utaona chini, katikati kabisa, mahali nyuzi chache zilipokutana na kuanza kuzungushwa. Mfumaji husokota uzi kwa kiganja juu ya paja, kisha hupanua mduara huo mstari kwa mstari hadi kikapu kisimame. Kiondo cha kweli cha nyuzi za mmea hukwaruza mkono kidogo na kina harufu ya majani makavu. Cha nailoni kinateleza na kung'aa. Zamani wanawake wa eneo la Mlima Kenya walitoa uzi kwenye vichaka vya porini kama mugio, na walioishi maeneo yenye mibuyu walitumia gome la mbuyu. Leo uzi mwingi ni wa mkonge, na mkonge ni mgeni: Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza Tanganyika mwaka 1893 kutoka Amerika. Alikuwa ameagiza miche 1,000, na 62 tu ndiyo iliyofika Tanga ikiwa hai. Kutokana na hiyo michache mkonge ulienea hadi Kenya, na sasa umo katika kikapu ambacho mnunuzi anakiita cha jadi. Hilo halikipunguzii kiondo thamani hata kidogo. Mikono iliyokisuka na ustadi wake ni wa hapahapa.

Kibuyu nacho ni tunda la mmea unaotambaa. Huachwa likauke, hutobolewa, mbegu hutolewa, kisha hufukizwa moshi kabla ya kuwekwa uji au maziwa. Asali ya Tharaka na Mbeere hutoka kwenye mizinga iliyotundikwa juu ya miti ya nchi kavu, na rangi na ladha yake hubadilika kulingana na maua ya msimu. Hata tunda refu na gumu la muratina, ambalo wageni hulidhania pambo, lina kazi: hukatwa na kukaushwa, kisha huchachusha pombe ya asali ambayo wazee hunywa kwenye sherehe za mahari.

Penye gome na unga wa dawa, mnunuzi awe makini zaidi. Kabla ya kulipa, amuulize muuzaji maswali mawili: mti gani, na gome lilivunwaje? Muuzaji anayeijua kazi yake atajibu bila kusita. Asiyejua, au anayedai kwamba unga mmoja unatibu maradhi yote, hafai kupewa pesa. Na mwenye ugonjwa wa kweli aende hospitalini. Bustani ya makumbusho hufundisha historia ya dawa, haimpi mgeni kipimo cha kunywa.

Kwa anayepanga safari

Embu iko takribani kilomita 125 kutoka Nairobi, na Meru iko mbele zaidi kwa barabara hiyohiyo. Makumbusho ya taifa hulipiwa kwa simu kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen, hivyo pesa taslimu pekee hazitoshi. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Katika miteremko hii ya mashariki zile za vuli ndizo ambazo wakulima huzitegemea zaidi. Asubuhi ndiyo nzuri kwa bustani. Watoto waruhusiwe kushika magome na kunusa, ila wasichume jani wala kuonja kitu bila idhini ya anayewaongoza.

Sheria za Kenya ziko upande wa bustani kama hii. Katiba ya mwaka 2010 inalitaka Bunge litunge sheria ya kulinda mbegu na mimea ya asili, na sheria ya mwaka 2016 inalinda maarifa ya jadi ya jamii. Serikali nayo imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Lakini katika siku za kupanda miti, miche mingi inayogawiwa bado ni ya kigeni, kwa sababu ndiyo iliyo tayari kwenye vitalu.

Hapo ndipo Makumbusho ya Taifa na serikali za kaunti za Meru, Tharaka-Nithi na Embu zinapoweza kufanya jambo lisilohitaji fedha nyingi. Kando ya kila duka la zawadi la makumbusho kuwe na kitalu kidogo cha miche ya muuru, mwiria, muthiga na muringa, kila mche ukiwa na kibandiko chenye jina la Kimeru au Kiembu, jina la kisayansi na maelezo ya jinsi ya kuutunza. Shule zinazoleta wanafunzi kwa mabasi zirudi na miche badala ya kalamu zenye picha ya simba. Nawe msomaji, ukipita Meru safari ijayo, tenga saa moja uingie katika ua huo wa DC, na ukifika dukani uliza kama wana mche wa muuru. Wakisema hawana, waambie uko tayari kuununua.